Anasoma Vizuri, Kwa Nini Anakosea Kuandika?



Somo letu la safari hii linatokana na swali la wazazi. Mama mmoja alituuliza hivi: "Mtoto wangu anasoma Biblia mbele ya watu bila kukwama. Lakini katika imla amepata 3 juu ya 20. Je, anafanya makusudi?" Imla ndiyo ile wengi wetu tunayoiita dikte. Sisi tunaokutana na watoto kila Jumamosi mchana hapa Rohero kwa ajili ya kurudia masomo tumelisikia swali hilo kwa namna nyingi. Na mara nyingi linakuja likiwa limechelewa, yaani mtoto amekwisha kuchapwa, amekwisha kuitwa mvivu, na yeye mwenyewe ameanza kuamini.

Jibu letu ni hili: hafanyi makusudi. Kusoma na kuandika ni kazi mbili, na mtoto anaweza kuimudu moja huku ya pili inamshinda. Tena anaweza kusaidiwa nyumbani, hata na mzazi ambaye hakusoma sana. Tuangalie jinsi gani.

KUTAMBUA NA KUKUMBUKA

Mfikirie jirani yako. Ukikutana naye sokoni unamtambua mara moja, hata akiwa amejifunika kichwa, hata ukimwona kwa nyuma. Sasa mtu akikupa kalamu akasema, "Mchore," utafanyaje? Pua yake ikoje? Nyusi zake je? Utagundua kwamba unamjua sana lakini hujawahi kumtazama kipande kwa kipande.

Msomaji hodari yuko hivyo mbele ya neno. Anaona mwanzo wa neno, anaona urefu wake, maana ya sentensi inamsukuma, na neno limekwisha kutoka mdomoni kabla jicho halijagusa kila herufi. Ndiyo sababu anasoma mbio. Lakini kalamu haikubali nusu ya neno. Inadai kila herufi, kwa zamu yake.

Mtafiti mmoja anayeitwa Uta Frith, aliyefanya kazi London, aliandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1980. Aliwachunguza watoto wenye akili nzuri, wasomaji wazuri, ambao tahajia yao, yaani uandishi wa herufi za maneno, ilikuwa mbaya kupita walivyotazamiwa. Alieleza kwamba watoto hao husoma kwa kuokota dalili chache za neno na si neno zima. Kwa hiyo kasi ile ile tunayoisifu kanisani ndiyo inayowaponza darasani. Jambo hilo ni la kutulia nalo kidogo, kwa maana linaondoa lawama.

Kabla ya kuendelea, mzazi, hakikisha kwanza kwamba mtoto anasoma kweli. Wapo watoto wanaosoma mlango fulani wa Biblia vizuri kwa sababu wanaujua kwa moyo. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona. Kisha mwandikie maneno kumi yasiyofuatana, na mawili matatu ya kubuni yasiyo na maana, kama "mtalibo" au "dheghula". Akiyasoma sawasawa, kusoma anajua, na shida yake ni ile tunayoizungumzia hapa. Akikwama au akibahatisha, basi shida imeanzia kwenye kusoma, nawe uanze huko.

KILA KOSA LINA KWAO

Chukua daftari la mtoto. Toa maneno aliyoyakosea katika kurasa mbili tatu za mwisho, uyaandike kwenye karatasi: upande huu alivyoandika, upande ule inavyotakiwa. Utashangaa. Yale yaliyoonekana kuwa makosa arobaini mara nyingi ni makosa manne au matano yanayorudi yakiwa yamevaa nguo mbalimbali. Hayo ndiyo ya kushughulikia.

Tuanze na Kiswahili. Watu husema Kiswahili ni rahisi kuandika, unaandika unavyosema. Ni kweli, lakini unavyosema nani? Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiswahili cha vitabu kifuate Kiunguja, yaani Kiswahili cha Zanzibar, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Sisi watu wa Uvira, Fizi na Bukavu, na majirani zetu wa Buyenzi na Bwiza, hatusemi kama watu wa Unguja. Mtoto wetu anapoandika "zambi", "feza" na "luga", ameandika kwa uaminifu alichokisikia nyumbani. Sikio lake halikukosea. Kitabu ndicho kinachotaka "dhambi", "fedha" na "lugha".

Kwa hiyo usimwambie, "Hujui kuandika." Mwambie, "Hivi ndivyo tunavyosema sisi, na hivi ndivyo kitabu kinavyoandika." Hayo ni mambo mawili, na mtoto wa miaka tisa anayaelewa vizuri sana. Kisha mfundishe kulitamka neno kwa namna ya kitabu wakati wa kuandika tu. Anong'one "dha-m-bi", ulimi ukigusa meno, ndipo aandike. Nje akicheza na wenzake aseme anavyosema.

Herufi h ndiyo inayotusumbua kuliko zote. "Hapa" inakuwa "apa", na kuapa ni kula kiapo. "Hama" inakuwa "ama". "Hakuna" inakuwa "akuna". Mtoto akikemewa sana juu ya h, anaanza kuitia kila mahali kwa usalama, anaandika "halikuja" akimaanisha "alikuja", na sasa amesema kinyume kabisa au amesema juu ya kitu kingine. Ukiona h zinazidi, punguza kukemea. Chagua maneno sita ya h yanayotumika kila siku, ayashike hayo kwanza.

Halafu r na l. Kirundi kinaandikwa kwa r, l hakina kazi nayo: shule ni "ishure", lugha ni "ururimi". Mtoto aliyezaliwa hapa, au anayesema Kinyamulenge nyumbani, ataandika "kurara" badala ya "kulala". Mwonyeshe kwamba katika Kiswahili herufi hizi mbili zinabadilisha maana. Kula ni chakula, kura ni ya uchaguzi. Mahali ni pa kukaa, mahari ni ya kuolea. Watoto wanaipenda sana hiyo ya mwisho, wanacheka, na neno lililochekesha halisahauliki upesi.

Ipo pia irabu ndefu. Uandishi wa kawaida wa Kirundi hauonyeshi urefu wa irabu, msomaji anaujua mwenyewe. Kiswahili kinaandika irabu mbili. Mtoto akiandika "kufa" akikusudia "kufaa", mwulize kwa upole nani amekufa. Na herufi c: katika Kirundi inasimama peke yake, chai ni "icayi", kwa hiyo mtoto anaandika "cakula" na "cai". Hilo hata si kosa la sikio. Ni herufi ya nyumba moja iliyoingia nyumba nyingine.

Mwisho wa Kiswahili, kutenga maneno. Watoto waliozoea Kifaransa huandika "ni na soma", "wa li kuja", kwa sababu katika Kifaransa mtendaji husimama mbali na kitendo. Katika Kiswahili hivyo vyote hushikana: "ninasoma", "walikuja". Lakini "kwa nini" na "kwa hiyo" hutengana, ingawa siku hizi utaziona zimeunganishwa hata katika matangazo ya ukutani na katika simu. (Simu tutaiacha. Mtoto anayeandika "xaxa" kwa rafiki yake na "sasa" kwa mwalimu hana shida yoyote, anajua nyumba mbili. Shida ni ya yule asiyejua "sasa" inaandikwaje.)

Kama unataka kumwonyesha mtoto kwamba hata wakubwa hawaandiki sawa, mpe mto tuliouvuka. Ng'ambo ya Kongo unaandikwa Ruzizi. Upande huu unaandikwa Rusizi. Maji ni yale yale. Na mji huu tunamoishi, katika ramani za wakati wa Wabelgiji, unaitwa Usumbura.

KIFARANSA NI MLIMA MWINGINE

Mtoto wa shule katika Burundi ana mzigo mkubwa. Anaanza na Kirundi, kuna Kifaransa, na tangu miaka ya 2000 Kiingereza na Kiswahili vimeingizwa katika madarasa ya chini. Mwaka 2014 sheria ilikifanya Kiingereza nacho kuwa lugha rasmi. Ni lugha nne, kila moja na namna yake ya kutumia herufi zile zile. Mtoto mkimbizi aliyevuka mwaka 2025 kutoka Kivu ya Kusini anakutana na Kirundi kwa mara ya kwanza akiwa tayari darasa la nne au la tano. Tusishangae kwamba herufi zinagongana.

Katika Kifaransa, sikio halitoshi. Maneno "seau", "saut", "sot" na "sceau" yanatamkwa namna moja, na kila moja lina maana yake: ndoo, mruko, mpumbavu, muhuri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwatungia imla watu wa baraza la mfalme Napoleon III, na mfalme mwenyewe akakosea mara 75. Aliyewashinda wote alikuwa mgeni kutoka Austria, Metternich, aliyekosea mara 3 tu. Tumewasimulia watoto wetu habari hiyo na imewatia moyo kuliko maonyo yote.

Kuna mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kutafuta dada ya neno. Herufi isiyosikika mwishoni mwa neno mara nyingi inasikika katika neno la ukoo mmoja. "Grand" ina d usiyoisikia, lakini "grande" inaisema. "Petit" na "petite", "dent" na "dentiste", "lait" na "laitier", "chant" na "chanter". Mtoto aulize, "Dada yako ni nani?" Njia hii hudanganya mara mojamoja ("abri" haina t ingawa kuna "abriter"), lakini mara nyingi inafaa.

La pili ni kubadilisha. Mtoto hajui aandike "et" au "est"? Aweke "était" mahali pake. Sentensi ikikubali, ni "est". Hajui "a" au "à"? Aweke "avait". Ikikubali, ni "a" bila alama. Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kumkumbusha mtoto kuuliza swali hilo, ingawa jibu hulijui. Kwa habari ya Kiingereza, hatuna mengi ya kuongeza: maneno yake mengi ni ya kushika kwa macho, na njia tunayoieleza sasa ndiyo itakayofaa.

ROBO SAA KILA JIONI

Wazazi wengi, wakiona makosa, humwandikisha mtoto neno moja mara hamsini. Sisi hatuipendi njia hiyo. Mtoto akifika mara ya kumi mkono unaenda peke yake na akili imeondoka, na akikosea mara ya kwanza atakuwa amejizoeza kosa mara hamsini.

Fanya hivi. Chagua maneno matano tu kutoka kwenye ile karatasi ya makosa yake. Andika neno la kwanza vizuri. Mtoto alitazame, alitamke polepole, aonyeshe kwa kidole mahali penye hatari: "Hapa kuna gh." Kisha funika neno. Afumbe macho alione kichwani. Aandike bila kuchungulia. Ndipo funua, yeye mwenyewe alinganishe herufi kwa herufi. Akikosea, asifute herufi moja akaibandika nyingine. Alifunike tena neno zima, aliandike upya.

Kufunika ndiko kunakoleta faida. Mtoto anayenakili huku anatazama anatumia jicho tu, yaani anafanya kazi ya kutambua, ambayo anaijua tayari. Akifunikiwa analazimika kukumbuka, na hiyo ndiyo kazi inayomshinda.

Mama asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hii. Mtoto amtajie herufi moja moja za neno alilofunika, naye mama ashike kwenye vidole ni ngapi. Kisha mtoto afunue na kuhesabu. Zikipungua au kuzidi, kuna jambo. Daftari si lazima. Kambini tumeona watoto wakiandika kwa kijiti kwenye vumbi, kwa mkaa juu ya kibao, nyuma ya karatasi ya maboksi. Vumbi lina uzuri wake, kosa linafutika halibaki kumwaibisha mtu.

Maneno yale matano yarudi kesho, yarudi tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki moja. Neno lililoandikwa sawa siku zote hizo, lipigie mstari na uchague jingine. Robo saa inatosha. Ukizidisha, mtoto ataanza kukimbia akiona unashika kalamu. Na usimpunguzie vitabu kwa sababu eti kusoma kumemharibu! Asome kama kawaida, ila mara mojamoja mpe mistari mitatu ya kusoma kwa kalamu ya risasi, akizungushia kila h au kila dh anayokutana nayo. Hapo jicho linajifunza kupunguza mwendo.

KALAMU NYEKUNDU

Sasa tunasema na walimu wa watoto, wa Jumapili na wa shule. Mtoto anayeogopa kukosea huwa anajificha. Anajua kusimulia jinsi walivyovuka usiku, jinsi mtumbwi ulivyoyumba, jinsi bibi alivyokataa kuacha kuku wake. Lakini ukimpa karatasi anaandika, "Tulikuja. Tulifika. Ilikuwa vizuri." Kwa nini? Kwa sababu "mtumbwi" hana hakika nalo, na "yumba" hana hakika nalo. Anachagua maneno anayoyaweza, na mwalimu anadhani mtoto hana mawazo. Hasara hii ni kubwa kuliko alama za imla, na haionekani kwenye daftari.

Kwa hiyo tunaomba maandiko ya watoto yasomwe mara mbili. Mara ya kwanza, habari peke yake: amesema nini, na amesemaje. Mwambie jambo moja lililokugusa. Mara ya pili, herufi, na si zote. Chagua aina moja ya kosa, umwachie mengine kwa leo. Ukurasa uliojaa wekundu haumfundishi mtoto kitu, hajui aanzie wapi. Weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa, yeye alitafute. Na akimaliza kuandika, asome alichoandika kwa sauti, akianza na sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili maana isimsukume kupita mbio.

JINA LAKE

Kabla ya maneno yote hayo, mtoto ajue kuandika majina yake kama yalivyo kwenye karatasi zake. Wengi wetu tunaijua taabu hii. Katika karatasi moja mtoto ni Furaha, katika nyingine ni Furaa. Huku Elisha, kule Erisha. Mwandishi aliandika alivyosikia, kama watoto wetu wanavyofanya. Siku ya mtihani wa taifa, au siku ya kuitwa kwa safari, majina hayo mawili yanakuwa watu wawili, na familia inasimama dirishani siku nzima ikieleza.

Toeni karatasi ya ukimbizi, cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule, mziweke pamoja mezani. Kama hazifanani, nendeni kuulizia marekebisho mapema kabla hamjahitaji. Kama zinafanana, mtoto ajizoeze majina yake kwa njia ile ya kufunika mpaka asikosee hata akiamshwa usingizini. Akiyajua, ataweza kumtajia mwandishi herufi moja moja dirishani.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA ZAIDI

Mara nyingine tatizo si tahajia. Mtoto aliyetokwa usaha masikioni mara kwa mara huenda hasikii tofauti ya sauti zinazokaribiana. Simama nyuma yake, mnong'oneze maneno, uone. Anayekunja macho akitazama ubao apimwe macho. Asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona njiani hataweza kushika herufi mchana, huyo anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza. Na wapo watoto walioanza kusoma kwa taabu sana, wakachelewa, kisha wakafaulu, lakini kuandika kukabaki kugumu miaka mingi. Hali hiyo inaitwa disleksia. Haitokani na akili ndogo wala malezi mabaya, na mara nyingi iko katika ukoo. Kwa mtoto huyo njia ni zile zile, ila polepole zaidi na kwa miaka zaidi, na mwalimu wake aelezwe.

IMLA YA WIKI HII

Msomeeni mtoto sentensi hizi, kwanza zote, kisha moja moja, polepole, kwa matamshi ya kitabu:

Halima alihama ghafla kutoka mahali alipozaliwa. Hakuwa na fedha, lakini alikuwa na sufuria moja ya thamani. Usiku alilala chini ya paa la jirani. Asubuhi walikunywa chai, wakala chakula, wakamchunga ng'ombe. Jirani akamwambia, "Lugha yako ni nzuri, kwa nini unanyamaza?"

Makosa msiyasahihishe kwa wekundu. Yaandikeni kwenye karatasi, upande huu na upande ule kama tulivyoeleza, na mje nayo Jumamosi. Tutachagua pamoja maneno matano ya kwanza ya kila mtoto. Walioko kambini wampe mwalimu wa Jumapili.